Lion Man: shujaa mweusi wa 1947 aliyenyimwa karatasi (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila tukijadili mashujaa weusi wa katuni, mazungumzo yanaanzia kwa Black Panther wa 1966, yanapita kwa Luke Cage wa 1972, yanaishia kwenye filamu. Leo naomba tusogee nyuma kidogo, hadi Philadelphia, Marekani, mwaka 1947. Kuna kijana anaitwa Lion Man. Alitoka kwenye kitabu kimoja, akapewa hadithi moja, akapotea. Wasomaji hawakumkataa. Mchapishaji wake alizunguka kutafuta karatasi ya kuchapia toleo la pili, na hakuna aliyekubali kumuuzia.

Nimekaa na habari hii muda mrefu na bado inaniuma. Tunazoea kuambiwa kwamba mashujaa weusi wa zamani hawakudumu kwa sababu soko halikuwataka. Ukifuatilia mmoja mmoja, unakuta wengi walizuiwa njiani, kati ya mashine ya kuchapia na mkono wa mtoto mwenye senti zake.

Aliyemleta Lion Man duniani ni Orrin Cromwell Evans, aliyezaliwa 1902 Steelton, Pennsylvania. Huyu mzee hakuwa mchora katuni. Alikuwa mwandishi wa habari tena wa kweli kweli. Alipitia Philadelphia Tribune, gazeti la weusi, halafu akachukuliwa na Philadelphia Record, gazeti la wazungu, kama mwandishi wa habari za kila aina. Anahesabiwa miongoni mwa weusi wa kwanza kabisa kupata nafasi ya namna hiyo Marekani. Wakati wa vita, 1944, aliandika mfululizo kuhusu ubaguzi ndani ya jeshi la Marekani, na maandishi yake yakasomwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge la nchi hiyo. Vitisho vilimfuata mpaka kwa familia yake. Aliwahi hata kutolewa kwenye mkutano na waandishi kwa sababu Charles Lindbergh, rubani yule maarufu, hakutaka kuzungumza mbele ya mwandishi mweusi.

Mwanzoni mwa 1947 Philadelphia Record likafungwa, baada ya mgomo wa waandishi. Evans, mtu wa miaka arobaini na kitu, yuko nje hana gazeti. Wengine wangetafuta kazi ya kujishikiza. Yeye akawakusanya wenzake waliokuwa naye pale Record, akiwamo mhariri wao Harry Saylor, wakachangishana, wakaanzisha kampuni ya kuchapisha katuni.

Kitabu kikatoka na tarehe ya Juni 1947. Jina lake All-Negro Comics. Kurasa 48, bei senti 15. Ukurasa wa ndani kuna picha ya Evans na barua yake kwa wasomaji, na humo anasema wazi kwamba kila mstari na kila mpigo wa brashi katika kitabu hicho umetoka mkononi mwa msanii mweusi. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Nipumue, nitaendelea chini.

Kijiti

Mkuu naweka kambi. Shusha vitu.

Bundi wa Kariakoo

Sijawahi kumsikia huyu Lion Man maisha yangu yote, na mimi katuni nazijua. Endelea kaka. Halafu tueleze, kabla ya hapo weusi hawakuwepo kabisa kwenye katuni za Marekani?

Mleta uzi

Bundi, walikuwepo, na heri wasingekuwepo. Kulikuwa na Whitewash Jones kwenye Young Allies (1941), kulikuwa na Ebony White, dereva mdogo wa The Spirit, na kulikuwa na Steamboat kwa Captain Marvel. Wote walichorwa midomo mikubwa kupita kiasi, macho yamewatoka, Kiingereza chao kimevurugwa makusudi ili mtoto acheke. Huyo Steamboat aliondolewa 1945, na walioshinikiza aondolewe ni wanafunzi wa New York waliokwenda ofisini kwa wachapishaji wakalalamika ana kwa ana. Watoto! Kwa hiyo mtu asije akasema watu wa enzi zile hawakujua kwamba ni matusi. Walijua na walisema.

Sasa weka kitabu cha Evans pembeni ya hayo. Hadithi ya kwanza ni ya mpelelezi Ace Harlem, iliyochorwa na John Terrell. Ace ni mweusi na wahalifu anaowasaka ni weusi pia, na Evans aliandika kwamba alitaka kuwapa heshima polisi weusi wenye akili na ujasiri. Kuna hadithi za kuchekesha za Sugarfoot na Snake-Oil, na kuna Dew Dillies, vitoto vya majini vya kuwafurahisha wadogo.

Halafu ndiyo Lion Man, kazi ya George Evans, mdogo wake Orrin. Lion Man ni mwanasayansi kijana, mweusi aliyezaliwa na kusoma Marekani. Umoja wa Mataifa umemtuma Gold Coast, Ghana ya leo, alinde Mlima wa Ajabu wenye uraniamu ya kutosha kutengeneza bomu la kuangamiza dunia. Adui yake ni Dakta Blut Sangro, anayetaka kuiba madini hayo. Pembeni ana mtoto yatima mtukutu wa Kizulu aitwaye Bubba. Haruki hewani, hana nguvu za kimiujiza. Ana mwili, elimu na kazi aliyopewa.

Hebu fikiria tarehe. Hiroshima ilipigwa Agosti 1945, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na chini ya miaka miwili tangu uanzishwe. Aprili ya mwaka huohuo 1947 Jackie Robinson ndiyo kwanza ameingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Nchi ambayo ilikuwa inashangaa kumwona mweusi mmoja kwenye besiboli ya ligi kuu, hapa anatokea mwandishi asiye na kazi anamkabidhi mweusi ulinzi wa uraniamu ya dunia nzima.

Mtu wa Likasi

Ndugu, habari kutoka Katanga. Hapo kwenye uraniamu nimesimama.

Mlima huo ulikuwepo, isipokuwa si Gold Coast. Ni Shinkolobwe, karibu na hapa kwetu Likasi. Madini yake yalikuwa na utajiri ambao haujaonekana kwingine, mengine yakifika asilimia 65 ya uraniamu. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, alisafirisha kama tani 1,200 akazihifadhi New York, Staten Island, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kuzinunua. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa bomu ilitoka Congo. Waliochimba ni wazee wetu, kwa mikono, na vumbi lile walirudi nalo nyumbani kwa wake na watoto. Mgodi ulifanywa siri kubwa hata kwenye ramani ukaondolewa.

Wabelgiji waliuziba kwa zege kabla ya uhuru wa 1960. Baadaye watu walirudi kuchimba kobalti na shaba, serikali ikaufunga kwa amri Januari 2004, na Julai mwaka uleule ukaporomoka na kuua watu. Kwa hiyo huyo Lion Man wenu angekuja kweli, angeshukia huku, na angetukuta tumeshaibiwa.

Mleta uzi

Mtu wa Likasi, asante sana ndugu yangu. Sina hakika kama kuna mchango utakaouzidi huu kwenye uzi wangu. Mchoraji wa Philadelphia anabuni hadithi ya uraniamu ya Afrika inayotamaniwa na mwizi wa kigeni, na wakati huohuo makreti ya kweli yalishapita bandarini New York miaka saba kabla.

Sasa niingie kwenye kilichomuua.

Toleo la pili lilikuwa tayari. Michoro imekamilika, Lion Man ana mkasa mpya. Evans akaenda kuagiza karatasi za magazeti kwa muuzaji wake. Akaambiwa hapana. Akajaribu wengine, nao hapana. Karatasi ile ya bei nafuu ndiyo uti wa mgongo wa biashara ya katuni. Ukiikosa, hata uwe na wasanii wa aina gani, umekwisha. Kampuni ikafa, na michoro ya toleo la pili haikuingia mashineni.

Kwa nini wauzaji walikataa? Familia na watafiti waliofuatilia wanashuku wachapishaji wakubwa waliwashinikiza, kwa kuwa walishaona kuna wasomaji weusi wa kuuziwa. Hakuna barua iliyopatikana ya kuthibitisha, kwa hiyo naliacha kama shuku. Lakini angalieni wachapishaji wengine. Mwaka uleule 1947 Parents' Magazine wakatoa Negro Heroes. Mwaka 1950 Fawcett, walewale wenye Captain Marvel, wakatoa Negro Romance. Karatasi kumbe ilikuwepo.

Evans alirudi kwenye uandishi, akafanya kazi Chester Times na baadaye Philadelphia Evening Bulletin. Alifariki 1971.

Kijiti

Kaka hapa naomba nitofautiane na wewe kidogo. Biashara ni biashara. Wenzake waliuza senti 10, yeye anauza 15. Mtaji mdogo, kampuni mpya, soko la watu masikini. Huoni kwamba angeanguka tu hata angepewa hiyo karatasi?

Mleta uzi

Kijiti, hoja yako ni ya haki. Inawezekana kabisa toleo la tatu au la tano lingemshinda. Makampuni mengi ya katuni ya miaka ile yalizaliwa na kufa ndani ya miezi, na ya wazungu yakiwemo. Lakini hayo yalipata nafasi ya kufeli sokoni. Kitabu kikapangwa dukani, mtoto akakitazama, akakiacha. Evans hakufika huko. Mtu akizuiwa mlangoni huwezi kusema alishindwa mtihani.

Na si yeye peke yake. Nikupe visa viwili, cha kwanza nikieleze kwa urefu kwa sababu kinanichoma zaidi.

Mwaka 1953 kampuni ya EC ilitoa hadithi fupi iitwayo Judgment Day kwenye jarida la Weird Fantasy, imeandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mwanaanga kutoka Dunia anafika kwenye sayari ya roboti kuikagua kama inafaa kujiunga na umoja wa sayari. Amevaa suti na helmeti, uso hauonekani hadithi nzima. Anakuta roboti za rangi ya chungwa zinaishi vizuri, za bluu zimetengwa, zinapewa kazi duni na zinakaa nyuma ya basi. Anatembelea viwanda zinakotengenezewa, anakuta ndani ni vyuma vilevile, rangi ya ganda tu ndiyo tofauti. Anawaambia bado hawajawa tayari, anaondoka. Kisanduku cha mwisho, akiwa ndani ya chombo chake, amevua helmeti. Ni mweusi. Matone ya jasho usoni yanameta kama nyota za mbali.

Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani waliunda chombo chao cha kukagua katuni. Bila muhuri wake, wauza magazeti hawapokei. Ilipofika 1956 EC wakataka kuichapisha tena hadithi ile, na mkaguzi, Jaji Charles Murphy, akasema mwanaanga asiwe mweusi. Hakukuwa na kanuni yoyote iliyokataza hilo. Feldstein na mwenye kampuni, Bill Gaines, wakagoma. Murphy akarudi na sharti jingine: basi yaondolewe yale matone ya jasho. Wakagoma tena, Gaines akatishia kuyaanika yote hadharani, hadithi ikatoka kama ilivyokuwa. Hicho kikawa kitabu cha mwisho cha katuni kutoka EC.

Hebu soma tena: matone ya jasho. Alipogundua hawezi kuuondoa uso, akataka auondolee uzuri.

Kisa cha pili ni kifupi. Desemba 1965 kampuni ya Dell ilitoa Lobo, kazi ya D. J. Arneson na Tony Tallarico. Askari mweusi wa jeshi la Kaskazini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, anasingiziwa mauaji, anakuwa mtu wa porini anayewaadhibu wahalifu na kuwaachia sarafu ya dhahabu kwenye paji la uso, yenye mbwamwitu na herufi L. Ndiye mhusika mweusi wa kubuni wa kwanza kuwa na jarida la katuni lenye jina lake mwenyewe. Tallarico alisimulia baadaye kwamba mabunda ya magazeti yalirudishwa bila hata kufunguliwa. Wauzaji walishajua ndani kuna nini. Kati ya nakala kama 200,000, zilizouzwa ni 10,000 hadi 15,000. Toleo la pili la 1966 likawa la mwisho.

Kwa Evans ilikuwa karatasi, kwa Gaines mkaguzi, kwa Lobo muuza magazeti. Msomaji hakuulizwa popote.

Kijiti

Hapo kwenye mabunda yasiyofunguliwa umenimaliza. Naondoa hoja yangu.

Dada wa Ngamiani

Uzi mzuri, kaka. Ila mbona sote tunamsifia Lion Man bila kumkagua? Nimesoma hadithi yenyewe jana usiku baada ya kuona uzi huu. Mlinzi wa madini ya Waafrika ni Mmarekani. Wenyeji wa Gold Coast hawana la kusema juu ya mlima wao. Mtoto ni Mzulu, na Uzulu na Gold Coast ni kama mtu anayetoka Tanga umwokote Dakar. Na amevaa kiunoni kipande cha ngozi kama Tarzan, yeye mwanasayansi wa chuo kikuu! Evans alikuwa na nia njema, lakini Afrika yake aliipata kwenye filamu za wazungu.

Mleta uzi

Dada, umepiga penyewe, na sitaki kumtetea kwa hilo. Evans aliandika kwamba anataka weusi wa Marekani wathamini zaidi urithi wao wa Kiafrika, lakini picha ya Afrika iliyokuwepo mezani kwake ni ileile ya msitu na ngozi. Alibadilisha aliyesimama katikati ya picha, mandhari akayaacha. Ukifika 1954 unamkuta Waku, mwana wa mfalme wa Wabantu, kwenye katuni ya Jungle Tales ya kampuni ya Atlas, na huyo angalau ni Mwafrika kwao, lakini msitu ni uleule.

Ila kuna jambo kuhusu Gold Coast sijaliona popote, niliweke hapa. Kijana wa kweli aliyesoma Pennsylvania kisha akaelekea Gold Coast alikuwepo. Kwame Nkrumah alisoma Lincoln University, halafu University of Pennsylvania palepale Philadelphia. Aliondoka Marekani 1945, akapita London, akafika kwao Desemba 1947, miezi sita baada ya tarehe ya kitabu cha Evans. Sisemi George Evans alimfikiria Nkrumah alipochora, sina ushahidi wowote. Nasema tu kwamba Philadelphia ya miaka ile ilikuwa na Waafrika wasomi mitaani na madarasani, na mchoraji angetaka Gold Coast ya kweli, watu wa kuwauliza walikuwepo. Hapo ndipo nakubaliana nawe kabisa, nafasi ilikuwepo na haikutumika.

Mzee Kipanya Chakavu

Vijana, mimi nimekula chumvi nyingi. Sisi tulipokuwa wadogo shujaa wetu mweusi alikuwa Lance Spearman, tukimwita Spear. Zilikuwa picha za kupiga, si za kuchora, kutoka kwa wachapishaji wa jarida la Drum. Kofia, suti, sigara, ngumi. Nairobi na Dar gazeti moja lilisomwa na mtaa mzima mpaka linachanika kwenye mikunjo. Hakuna aliyetuambia watu hawapendi shujaa mweusi. Tuligombania.

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Ushuhuda wako unafaa kuliko hoja zangu zote kwa Kijiti. Pale ambapo gazeti lilifika mkononi, lilisomwa mpaka likachanika. Spear alichezwa na Jore Mkwanazi, na anastahili uzi wake. Tafadhali uanzishe wewe uliyeyasoma yale magazeti yakiwa mapya.

Bundi wa Kariakoo

Mkuu, swali la mwisho. Lion Man yuko wapi leo? Anamilikiwa na nani? Na Dada wa Ngamiani amempata wapi usiku mmoja?

Mleta uzi

Hamilikiwi na mtu. Hakimiliki ya kitabu haikuhuishwa, kwa hiyo ni mali ya umma, na kurasa zake zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure. Nakala halisi za 1947 ni adimu sana, zikijitokeza kwenye mnada zinagombaniwa na matajiri.

Kwa kuwa ni mali ya umma, wasanii weusi wa Marekani wameanza kumchora upya na kumpa mikasa ambayo 1947 ilimnyima. Mhariri Chris Robinson alikirudisha kitabu chote kwenye karatasi, kimesafishwa vizuri, pamoja na hadithi mpya za waandishi na wachoraji weusi wa leo, katika toleo la kuadhimisha miaka 75. Mwaka 2024 toleo hilo lilishinda tuzo ya Eisner, ambayo ndiyo kubwa kwenye katuni za Marekani, kwa upande wa kazi za kumbukumbu. Tallarico wa Lobo naye aliitwa Temple University mwaka 2005 kupokea tuzo ya heshima. Temple iko Philadelphia, mji uleule wa Evans.

Na hapa niwachokoze wachoraji mliomo humu jukwaani. Mali ya umma maana yake mtu wa Dar, Mombasa au Likasi anaweza kumchukua Lion Man kesho asubuhi bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mlima upo, Mtu wa Likasi ameshatuelekeza ulipo. Mwenye kalamu na aje PM, mimi naandika hadithi, na Dada wa Ngamiani nitamwomba awe mhariri ili ngozi ile ya kiunoni isirudi.

Mtu wa Likasi

Mimi nitatoa habari za mgodi na za watu waliochimba. Lakini safari hii mlinzi awe mtoto wa hapa.

Dada wa Ngamiani

Nakubali kazi. Bubba tumpe jina la kwao na umri wa kutosha kusema lake. Nitumieni rasimu ya kwanza.